Jinsi ya kukusanya habari za makaburi ya zamani ya misheni na chemchemi ya uponyaji kijijini kwenu bila kuziharibu

Naanza na kosa langu maana ndo lililonifundisha karibu yote ninayoandika hapa. Kijijini kwa mama yangu, ufukweni mwa Ziwa Victoria, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari toka Mwanza mjini, kuna makaburi ya zamani ya misheni, na chini yake kidogo kwenye miamba kuna chemchemi ambayo watu wanakwenda kuosha macho. Zaidi ya miaka kumi nyuma nilikwenda kukusanya habari zake kwa wazee watatu, nikarudi mjini, nikakaa na laptopu nikazichanganya zote zikawa kisa kimoja kizuri, padri anafika, maji yanatoka, mtoto anapona, watu wanabatizwa. Nikaprinti nikarudi nayo kwa bibi mmoja kati ya wale watatu, alikuwa anakaribia miaka tisini, macho hayaoni maandishi. Akasomewa na mjukuu wake mpaka mwisho, akakaa kimya, alafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa mjukuu wangu, mama yangu umemweka wapi?"

Sikuwa nimemweka popote. Kwenye kisa chake yeye aliyeyajua yale maji ni mama yake, na mimi nilimtoa kwa sababu hakuingia vizuri kwenye mpangilio wangu.

Kwa hiyo kama na wewe una sehemu kama hiyo kwenu, na ukanda huu wa ziwa zipo nyingi, soma hii kabla hujabeba simu na kwenda kurekodi wazee.

Kabla ya kwenda jua kwanza tarehe chache, maana bila hizo utasikiliza na hutajua umesikia nini. Wale ambao wazee wetu wanawaita Mapadri Weupe (kwa sababu ya kanzu zao) ni Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa na Askofu Lavigerie kule Algiers mwaka 1868. Msafara wao wa kwanza kuja huku uliondoka 1878, wakafikia Kageye upande wa kusini mwa ziwa, na Padri Lourdel na Bruda Amans wakavuka hadi Buganda Februari 1879. Novemba 1882 mapadri wakaondoka Buganda wakarudi huku kwetu, na 1883 wakaanzisha misheni ya Kamoga, Bukumbi. Walikuja na watoto waliokombolewa utumwani. Hiyo ya watoto ishike vizuri, nitairudia.

Waprotestanti nao walikuwepo, na kabla yao wapelelezi. Kageye hiyohiyo ndiko alikofia Frederick Barker, mwenzake mpelelezi Stanley, mwaka 1875, na daktari John Smith wa CMS, misheni ya Waanglikana, mwaka 1877. Alexander Mackay, naye mmisionari wa CMS, alifia Usambiro, kusini mwa ziwa, Februari 1890, na mabaki yake yakahamishwa kwenda Namirembe, Kampala, mwaka 1927. Naileta hii kwa sababu moja: mzee akikwambia "mzungu wetu walikuja kumchukua, hapo pana shimo tupu", usikimbilie kudhani anatunga, makaburi yalihamishwa kweli.

Na neno "Mjerumani" lichukue kwa uangalifu sana. Huku kwetu mzungu yeyote wa zamani anaweza kuitwa Mjerumani, wakati wale mapadri wengi wa mwanzo walikuwa Wafaransa. Lakini mtu akisema "wakati wa Mjerumani" anataja muda, na huo muda una mwisho unaojulikana, Waingereza waliichukua Mwanza Julai 1916. Kwa hiyo "kaburi la Mjerumani" na "kaburi la wakati wa Mjerumani" ni vitu viwili, uliza anamaanisha kipi.

Ruhusa. Pita kwa mwenyekiti wa kitongoji, pita kwa mwenyekiti wa kijiji, pita kwa paroko au kama ni kigango basi kwa katekista, na usimsahau mtu ambaye shamba lake unalikanyaga ukielekea kwenye maji. Sema unachotaka na utakachokifanya nacho. Hiyo inatosha, si jambo la kuchukua wiki, ila ukiliruka litakugharimu mwaka mzima, kwa sababu siku ya kwanza tu watu watasema umekuja kutafuta hela za Mjerumani. Sitanii, hiyo imani ya hazina zilizozikwa kwenye makaburi ya wazungu ipo hai, na kuna misalaba imebomolewa usiku kwa ajili yake. Usiende na kitu chochote cha kuchimbia. Hata koleo la kupalilia bustani acha nyumbani.

Muda mzuri wa kwenda ni siku chache kabla ya tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote. Waamini wanakwenda kufyeka na kusafisha makaburi, na mtu akiwa na panga au jembe mkononi huku anang'oa magugu juu ya kaburi la shangazi yake, maneno yanamtoka yenyewe. Mi nimepata mengi kwa kung'oa magugu kuliko kwa kuuliza. Chukua panga, chukua reki, fanya kazi kweli, usisimame pembeni na simu.

Kwenye chemchemi vilevile. Nenda na dumu. Nenda asubuhi wanapokwenda kina mama, salimia, kama ni Usukumani na unakijua kidogo sema "mwangaluka mayu", wakikucheka matamshi ni sawa, umeshaingia. Panga foleni kama wengine. Jaza dumu lako la lita kumi, libebe mpaka juu, na kesho yake rudi tena. Siku ya tatu mtu atakuuliza "wewe ni mtoto wa nani?" na hapo ndo kazi inaanza, maana ukishajibu umepata mahali pako kwenye ule ukoo wa kijiji, na mtu anamsimulia mtoto wa fulani, hamsimulii mtu wa simu.

Sasa kuuliza. Swali baya kuliko yote, na ndo nililoanza nalo mimi, ni "je ni kweli haya maji yanaponya?" Ukiuliza hivo umemweka mzee kizimbani. Kama ni mkristo mzuri atakwambia "sisi tunaamini Mungu tu" na mlango umefungwa, kama anakuona msomi atakwambia "hayo mambo ya zamani", nao umefungwa. Uliza vitu vya mikono na miguu. Nani alikuleta hapa mara ya kwanza? Ulikuwa mkubwa kiasi gani? Mlikuja saa ngapi, mmekula au hamjala? Mlichota na nini? Nani alitangulia kugusa maji? Mliondoka bila kugeuka nyuma? Mliacha kitu? Bibi yule nilipomuuliza hivo siku ya pili hakusema neno, aliinuka akanishika mkono tukashuka naye mpaka kwenye jiwe, akachuchumaa kwa shida, akaingiza kiganja cha kushoto pale maji yanapotokea, akayaacha yatiririke mara tatu kupitia vidoleni kabla hajayapeleka usoni, jicho la kulia kwanza, alafu la kushoto, na mkono haukurudi kwenye chanzo mpaka ameusuuza pembeni kwenye kimfereji. Hakuna swali lingenipa kile kitu. Hata yeye mwenyewe nilipomuuliza kwa nini anasuuza mkono pembeni alishangaa, akasema, "Kwani watu huwa wanafanyaje?"

Miiko iandike yote hata ile inayoonekana midogo. Kwetu ni marufuku kuingiza sufuria yenye masizi kwenye chanzo, ni marufuku sabuni, ni marufuku kumuua chura, na inasemwa ukivunja mwiko maji yanakasirika na kuhamia jiwe lingine. Ukiangalia vizuri, mwiko wa sabuni, wa masizi, wa kusuuza mkono pembeni, yote inalinda maji yasichafuke. Mi sitaki kusema kwamba ndo maana yake yote, kwa sababu wanaoishika hawasemi hivyo, wao wanasema maji yana mwenyewe. Andika wanavyosema wao kwanza, maelezo yako weka pembeni na uyatie alama kwamba ni yako.

Miaka. Mzee hatakupa tarehe, atakupa tukio, na ukanda huu una matukio mazuri ya kupimia. "Kabla ya mvua za uhuru" ni kabla ya 1961, maana mvua zile zilizoanza 1961 zilipandisha ziwa kwa zaidi ya mita mbili katika miaka michache na watu wa ufukweni waliona mashamba yanamezwa, kuna chemchemi zilizama chini ya ziwa na hazijarudi. "Kabla ya MV Bukoba" ni kabla ya Mei 1996, meli hiyo ilipozama. Na kubwa kuliko yote, Operesheni Vijiji, mwaka 1974. Hili watu wanalisahau. Watu walihamishwa toka kwenye maboma yao wakawekwa pamoja, kwa hiyo familia unayoikuta leo karibu na chemchemi inawezekana kabisa ilifika 1974 na kisa inachokupa imekitoa kule ilikotoka, kwenye chemchemi nyingine! Swali la lazima kwa kila msimuliaji ni "kabla ya Operesheni mlikuwa mnaishi wapi?" Mi nilikuta kisa cha chatu mlinzi wa maji ambacho kijiji kizima wanakijua, kumbe kimekuja na familia mbili toka upande mwingine kabisa wa wilaya, na wazee wa kale wa pale hawakuwahi kumsikia huyo chatu mpaka hizo familia zilipofika. Bado ni kisa cha pale sasa. Ila andika kilivyofika.

Zamani ilikuwa kwamba ukitaka visa vya namna hii kutoka kwa watu wa ng'ambo unakaa tu kwenye foleni ya kivuko Kigongo, masaa matatu unapata mambo. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, safari imekuwa dakika chache, na nashukuru, ila wale wasimuliaji wa foleni sasa inabidi uwafuate majumbani.

Makaburi nayo yana namna yake. Usisugue. Narudia, usisugue, wala kwa brashi ya chuma wala kwa mchanga wala kwa dawa ya kusafishia choo, nimeona kaburi ambalo maandishi yake yalisomeka wakati mimi mtoto na sasa ni sahani nyeupe tupu kwa sababu vijana walitaka kulifanya lipendeze. Ukungu na udongo toa kwa maji na brashi laini, ile ya nguo iliyochakaa, basi. Usipake chaki wala unga kwenye herufi. Kitu unachohitaji ni kioo, kile cha kunyolea cha sokoni, na jua la saa kumi na moja jioni. Simama pembeni ya jiwe, pokea jua kwenye kioo ulitupe juu ya jiwe kwa kulilaza, mwanga upite ukikwangua uso wa jiwe badala ya kulipiga mbele. Sogeza kioo taratibu. Mara ya kwanza nilivyofanya hivo kwenye jiwe ambalo miaka yote tuliambiwa halina kitu, kwanza ikatokea mistari miwili, alafu herufi P na nukta, alafu kama kivuli cha mwaka, 18 na tisa na kitu kingine ambacho mpaka leo sijakipata, na wale watoto waliokuja kunitazama wakanyamaza wote. Usiku unaweza kutumia tochi kwa namna hiyohiyo ukiilaza, lakini jua la jioni ni zuri zaidi.

Herufi zenyewe nyingi ni Kilatini au Kifaransa. "Hic jacet" ni "hapa amelala", "natus" amezaliwa, "obiit" amefariki. P. ni padri kwa Kifaransa, na Fr. kwenye jiwe la Kifaransa ni bruda, usije ukaandika "Fadha" kama nilivyoandika mimi. Piga picha ukiwa wima juu yake, piga tena kwa pembeni, na chora ramani kwa mkono kwenye daftari, mti upo wapi, njia ipo wapi, kila kaburi lipo hatua ngapi toka la pili.

Alafu ulizia vitabu. Misheni za Mapadri Weupe zilikuwa na desturi ya kuandika kitabu cha siku, kila siku yanaandikwa yaliyotokea, mgeni gani kaja, mvua imenyesha, nani kafa, na zaidi ya hapo kuna vitabu vya ubatizo na vya vifo. Vile vya ubatizo vina jina, tarehe, wazazi na msimamizi. Mwombe paroko kwa heshima, hatakupa ubebe na hupaswi kubeba, utakaa pale ofisini usome na kunakili kwa mkono. Osha mikono kwanza, usilambe kidole kufungua kurasa.

Kwenye vitabu ndo utawakuta wale watoto niliosema. Mawe yenye majina ni ya wazungu, mara nyingi vijana waliouawa na malaria baada ya muda mfupi tu nchini, na wanastahili kukumbukwa. Lakini tembea nyuma ya hayo mawe yenye majina, angalia ardhi, utaona vilima vidogo vya mawe ya kawaida yaliyopangwa, au mstari wa mimea iliyopandwa ambayo haioti penginepo pale, au ardhi iliyodidimia kidogo tu kama mtu amelalia godoro. Hao ni watu wetu. Waliokombolewa, makatekista wa mwanzo, wanawake waliopika na kulima ile misheni ikasimama. Usikanyage. Zihesabu, zichore kwenye ramani yako hata kama huna jina la kuandika.

Mama yake yule bibi yupo hapo. Aliletwa misheni mtoto, hakuwahi kujua kwao ni wapi, hakuwa na ukoo. Na kisa cha bibi, kile nilichokifuta, ni hiki: watoto wa misheni walikuwa hawapokelewi vizuri kwenye visima vya watu kwa sababu hawakuwa wa mtu yeyote, basi yule binti akawa anazunguka kwenye miamba asubuhi akayaona maji yanatoka chini ya jiwe, akawa anawapeleka wenzake kimyakimya kabla ya sala, anawaosha nyuso wale waliokuwa na vikope, mmoja mmoja, na macho yao yakapoa.

Katekista yeye alinipa kingine, padri alikuwa na kiu baada ya safari akaugonga mwamba kwa fimbo maji yakatoka. Unasikia Musa hapo, Kutoka sura ya 17. Na kumbuka mapadri wale walikuwa Wafaransa, kwao Lourdes, mahali pa hija, maji yalitokea pangoni mwaka 1858, wengi wao walikua na habari hiyo vichwani (na mwaka huohuo, tarehe 3 Agosti, ndo Speke, mpelelezi Mwingereza, aliliona ziwa letu hapa Mwanza, sijui niifanyie nini hii lakini huwa inanijia kila mara). Ukisikia kisa kinafanana na Biblia au na Lourdes usikitupe ukasema wameiga. Kiandike, na pembeni andika kinafanana na nini.

Na mzee wa tatu, mfugaji, alicheka zote mbili. Yeye alisema ng'ombe alipotea kiangazi siku tatu akarudi kwato zina tope, wakamfuata nyayo wakakuta maji, yakawa maji ya masamva, wahenga wa ukoo, ntemi, mtawala wa Wasukuma, akawa anatoa sadaka pale, na mapadri walipofika wakaomba ardhi karibu na hapo kwa sababu maji yalishakuwepo. Ni nani anayejenga mbali na maji, aliniuliza.

Unaona sasa. Padri, binti asiye na ukoo, ng'ombe. Kila mmoja anasema maji haya ni ya nani, na ukiyachanganya umeamua wewe kesi ambayo kijiji hakijaamua kwa miaka zaidi ya mia. Andika vitatu. Kila kisa ukurasa wake, kila kisa na msimuliaji wake, nani alimsimulia yeye, mlikuwa mmekaa wapi, siku gani, nani mwingine alikuwepo akisikiliza (hili lina maana, mama hasemi mbele ya shemeji yake anayosema mbele ya shoga yake). Kama mtu hataki jina lake liandikwe, andika "bibi, mkulima, mzaliwa wa kijiji" na ishia hapo. Neno la Kisukuma au la Kikerewe au la Kijita likitajwa liache lilivyo, usilitafsiri ukalifuta, tafsiri weka chini.

Sasa nizungumzie maji yenyewe, maana hapa inabidi tuwe wakweli kwa sababu kuna afya za watu. Vikope, ule ugonjwa wa macho unaosababisha kope kugeukia ndani na mtu anaweza kupofuka, unaenezwa na mikono, nguo na inzi, na kuosha uso mara kwa mara ni mojawapo ya njia zinazotumika dunia nzima kuuzuia. Kwa hiyo ukiniambia mtoto aliyeoshwa uso kila asubuhi kwa maji safi ya mwambani macho yake yalipona, mi siwezi kukucheka, naona kabisa inawezekana. Vilevile mtu aliyeacha kuchota na kuoga ufukweni akahamia chemchemi amejiepusha na kichocho, kinachoingia kupitia ngozi kwenye maji yenye konokono wake. Bibi zetu waliona kitu kwa macho yao.

Lakini chemchemi ya leo si ya 1890. Juu yake kuna nyumba, kuna vyoo, kuna zizi, na maji ya mvua yanazama kwenye udongo yakiwa na hivyo vyote kabla hayajagonga mwamba mgumu na kutokea pembeni. Kuwa maangavu hakumaanishi ni salama. Ukitaka kunywa chemsha mpaka yatokote kabisa, na ujue kuchemsha kunaua vijidudu tu, hakuondoi floridi wala kemikali. Kama kijiji kinayategemea, ongeeni na RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani yapimwe. Na mtu mwenye jicho linalouma, jekundu, au lililochomwa na kitu, hospitali kwanza, chemchemi ataiona akirudi. Kwenye maandishi yako iandike hiyo waziwazi, kwa sababu kuna atakayesoma akiwa na mtoto mgonjwa mgongoni.

Hapo ndo linakuja suala la kutaja mahali. Mnakumbuka 2011, Samunge kule Loliondo, mchungaji mstaafu na kikombe chake cha dawa cha shilingi 500, magari foleni kilometa na kilometa, wagonjwa wamelala njiani, na wapo walioacha dawa zao. Mi mwenyewe niliwahi kutaja jina la kile kitongoji mbele ya watu nisiowajua, wiki chache baadaye kuna mtu, simtaji, akawa anashusha madumu pale na kuyauza mjini kama maji ya upako, kina mama wakakuta foleni kwenye maji yao wenyewe, na jiwe la pale juu likavunjwa nyundo ili mdomo upanuke. Maji hayakuongezeka. Yalipungua, yakachukua msimu mzima kutulia. Ndo maana humu sijataja kijiji, na wewe usitaje, wala usiache simu iandike mahali kwenye picha, zima hiyo kitu kwenye kamera kabla hujapiga hata moja. Jina kamili na ramani viweke kwenye nakala ya kijiji tu.

Kuhusu kurekodi sauti: omba kila mara, hata kama jana alikubali. Rekodi tatu fupi ni bora kuliko moja ya masaa mawili. Usiku huohuo zihamishie sehemu ya pili, mimi nilipoteza mazungumzo ya siku mbili kwa sababu simu iliangukia majini palepale kwenye chemchemi, na yule mzee wa ng'ombe aliyekuwa ndani yake sikuwahi kumpata tena kwa sauti ile, alikuwa ameshaanza kuchoka. Rekodi inaanza kwa wewe kutaja tarehe, mahali, na nani yupo.

Ukipenda kuona kazi hii ikifanywa kwa ukubwa nenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, pale Kisesa barabara ya Musoma. Padri David Clement, Mkanada, alikaa pale akakusanya vitu na desturi za Wasukuma mpaka kanisa lenyewe likajengwa kwa umbo la nyumba ya Kisukuma, na ngoma za Bulabo zinachezwa kufuatia sikukuu ya Ekaristi. Nenda uone jinsi walivyoweka mambo ya ntemi na ya altare mahali pamoja bila kumfuta mmoja.

Mwisho wa kazi ni kurudisha. Printi kwa herufi kubwa, acha pembeni nafasi pana ya kuandikia, peleka nakala moja kigangoni, moja kwa mwenyekiti, na moja moja kwa kila aliyekusimulia, alafu kaa msomewe pamoja kwa sauti. Usitetee ulichoandika. Shika kalamu. Mara ya pili niliporudi kwa bibi na visa vitatu vikiwa vimetengana, mjukuu wake akafika kwenye cha mama yake, akasoma mpaka pale binti anapochota maji kwa ndoo. Bibi akainua mkono. "Ndoo? Ndoo tumeziona juzi hizi. Kibuyu, kina ufa mdomoni, kimeshonwa kwa uzi wa katani." Nikaandika pembeni, kibuyu, ufa mdomoni, uzi wa katani, na tarehe ya siku ile.